Marehemu Aliyeishuhudia Ndoa

Mlango ulifunguka, na aliyesimama mbele ya Pini alikuwa maiti.

Wewe uliyekuwa nasi wiki jana unamjua maiti huyo. Na wewe unayeingia leo, karibu, vuta kiti, hujapitwa na mengi. Ni Bi Kengele, bibi kizee ambaye ukoo mzima ulimwekea matanga miaka kadhaa iliyopita bila kuona mwili, maana waliambiwa amefia mbali akazikwa huko huko. Pini mwenyewe alilia siku ile hadi sauti ikamkauka. Na sasa bibi yule yule amesimama kwenye mlango wa chumba chake katika nyumba ya kulelea wazee, soksi moja nyekundu na nyingine ya kijivu, kikombe cha chai mkononi, anauliza kwa ile sauti iliyompa jina:

"Wewe nani? Kama umeleta dawa, sinywi!"

Pini alishika mwimo wa mlango.

"Bibi... wewe si ulikufa?"

"Nani kasema?"

"Baba Mdogo. Tai."

Bi Kengele alipiga funda la chai, akalimeza taratibu. "Alisema nimekufa kwa ugonjwa gani?"

"Presha."

"Presha!" Kikombe kilitikisika. "Maisha yangu yote sijawahi kuumwa presha. Labda ndiyo imenianza sasa hivi!"

Huyo Tai ni nani? Ni mdogo wake marehemu baba yake Pini, baba mmoja, mama mbalimbali. Wengine walimwita Tai kwa sababu ya ile tai asiyoivua shingoni hata akienda kunyoa. Wengine walimaanisha yule ndege. Na mama yake Tai alikuwa dada yake Bi Kengele, tumbo moja.

Babu yake Pini alipofariki, Tai alisimama mbele ya wazee wa ukoo akatamka kwamba bibi yake Pini hakuwahi kuolewa. Eti alikuwa mpishi tu wa nyumba, na mwanawe alikuwa mtoto wa nje. Wazee wakaafiki. Kwa neno hilo moja, baba yake Pini akavuliwa jina la baba yake kama mtu anavyovuliwa koti la kuazima. Bibi alikufa kabla mwaka haujaisha. Baba naye akafuata.

Hata hapo Tai hakutosheka. Siku ya mazishi alisimama kwenye geti la makaburi ya ukoo, jeneza la kaka yake likiwa mbele yake, akasema, "Humu hatuziki wageni."

Jeneza likageuzwa njia. Siku hiyo Pini hakulia. Aliapa.

Tangu hapo aliisaka ndoa ya babu na bibi yake kama askari anavyosaka mwizi. Aliyewafungisha ndoa, amekufa. Mpiga picha, studio yake imegeuka duka la simu. Fundi aliyeshona gauni bado yu hai, lakini kumbukumbu zimemtoka. Alimpokea Pini kwa furaha akimwita mama. Kila mlango aliogonga ulikuwa ukuta. Mpaka dereva mmoja wa gari la mboga alipomwambia kwamba katika nyumba fulani ya wazee, mji wa pili, kuna bibi mmoja ambaye akiita chai jikoni, mbwa wa barabarani wanaitika. Sauti ya namna hiyo Pini aliijua ya mtu mmoja tu.

"Bibi," Pini alisema, "sikuja kukulaumu. Nataka neno moja tu. Bibi yangu aliolewa?"

Bi Kengele alimtazama usoni kwa muda. Kisha akamvuta ndani, akafunga mlango, akaketi kitandani.

"Una pua yake," alisema. "Ndiyo, aliolewa. Mimi ndiye niliyemsimamia."

Pini aliketi sakafuni, mbele ya magoti yake.

"Tulikuwa tukifanya kazi meza moja kiwanda cha sabuni. Siku ya ndoa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Viatu vyake vikaharibika, akavaa vyangu, vikambana, akawa anacheka njia nzima kwa maumivu. Babu yako aliulizwa mara moja kama amekubali, akajibu mara mbili, 'Ndiyo, ndiyo!' Watu wakaangua kicheko. Alikuwa hajiwezi kwa yule msichana."

"Sasa kwa nini ulinyamaza miaka yote hiyo?"

"Kwa sababu aliyemtoa ndani ya nyumba ile ni dada yangu." Bi Kengele aliweka kikombe chini. "Dada alikuja kumtazama mtoto mchanga, akabaki na baba wa mtoto. Bibi yako alifungiwa mlango, baba yako akiwa mgongoni. Dada akaniambia, ukifungua mdomo, huna dada. Nikaufunga. Hilo ni langu, nitakwenda nalo. Lakini babu yako alipokufa nilimwambia Tai, basi, wazee wakikaa mimi nasema kweli. Kesho yake akanileta hapa. 'Mama Mdogo, ukapumzike kidogo.' Kidogo hiyo ndiyo hii. Nikawa nauliza mbona hakuna anayekuja kuniona. Kumbe mmenizika!"

Aliposema tena, ile sauti kubwa ilikuwa imeshuka.

"Huyo Tai nilimfundisha kutembea mimi. Nipeleke aliko."

Matroni wa nyumba ile aliwakuta kwenye ukumbi wa kutokea, bibi ameshavaa koti.

"Samahani, huyu haruhusiwi kutoka bila idhini ya ndugu aliyemleta."

"Ndugu huyo ameshanizika na watu wameshapangusa machozi," alisema Bi Kengele. "Maiti anaombewa idhini kwa nani?"

Pini alimweleza matroni kisa chote, pale pale wamesimama. Matroni alisikiliza, akatazama huku na huku.

"Mimi nakwenda kukagua jikoni," alisema. "Huwa nachelewa sana huko."

*

Sasa sikia ujinga wa Tai. Jumamosi ya wiki ile ile alikuwa ameita ukoo wote kwenye ukumbi wa sherehe kuzindua mti wa ukoo: ubao mkubwa kama mlango wa ghala, umeandikwa majina ya wote, waliokufa na walio hai, kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe. Alijitangaza kuwa mwanahistoria wa familia. Alikodi ukumbi, akaagiza chakula, akaagiza vipaza sauti. Kitu kimoja hakuuliza: nani anapamba. Watu kama Tai hawaulizi mambo ya vitambaa.

Mpambaji wa ukumbi ule alikuwa Pini. Ndiyo kazi yake, na ndiyo asili ya jina lake, maana saa zote ana pini midomoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyeufunika ubao ule kwa kitambaa cha zambarau. Kabla ya kuufunika aliusoma. Babu yake, mke mmoja. Chini yao, mtoto mmoja: Tai. Bibi yake Pini hakuwepo. Baba yake hakuwepo. Na pembeni, chini ya jina la Bi Kengele, neno moja: marehemu.

"Vizuri," Pini alisema na pini zake mdomoni. "Vizuri sana, Baba Mdogo."

Mama yake, Pini alimleta kwa kumvuta.

"Mwanangu, tuache mambo haya," mama alimwomba nje ya mlango. "Baba yako amelala, bibi yako amelala. Unachimba nini?"

"Leo utakaa mstari wa mbele, Mama. Nataka uone sura ya Tai ikibadilika. Miaka yote umekula matusi yao, leo ule raha."

"Kichwa kinanigonga."

"Kitapona saa hizi hizi."

Akamkalisha mbele, karibu kabisa na kiti cha Tai.

Tai alipanda jukwaani, tai nyekundu shingoni. Alisifu ukoo, akajisifu mwenyewe, akarudi kuusifu ukoo kidogo.

"Ndugu zangu, ubao huu nimeutolea jasho. Humu hakuna aliyeongezwa na hakuna aliyesahauliwa!"

Akavuta kitambaa. Watu wakapiga makofi.

"Na mimi nimekufa lini?"

Sauti ilitoka nyuma. Makofi yalikatika kama mtu amezima swichi. Vichwa vyote viligeuka. Sahani ilidondoka mahali fulani. Mama mmoja mnene alijaribu kusimama na kukaa kwa wakati mmoja, akaishia sakafuni.

Bi Kengele alikuwa anakuja katikati ya viti, ameshikwa mkono na Pini, hana haraka. Alipita mbele ya wapwa, wajukuu na wakwe, wote wamepigwa na butwaa. Alipanda jukwaani, akavaa miwani, akausogelea ubao mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Marehemu," alisoma. Akamgeukia Tai. "Mwanangu, kaburi langu liko wapi? Nilitaka kulifagia."

Watoto walicheka. Watu wazima hawakuthubutu.

"Mama Mdogo..." Tai alivuta fundo la tai, halikulegea. "Ndugu zangu, msishtuke. Huyu bibi anaumwa. Akili imechoka. Nilisema vile kumsitiri, asionekane katika hali hii."

"Ulimsitiri kwa matanga?" Pini alipaza sauti.

"Wewe kaa kimya! Nani amekualika?"

"Nimeajiriwa. Kitambaa ulichovuta nimekifunga mimi."

Hapo alisimama Shangazi Mkuu. Huyu alikuwa dada mdogo wa marehemu babu, mkubwa wa ukoo, na neno lake ndilo la mwisho. Alikuwa bibi mkavu, mfupi, asiyependa kelele.

"Tai, shuka. Kengele, wewe sema. Umekuja kufanya nini?"

"Kusema nilichoficha. Kaka yako alioa mke kabla ya dada yangu. Alimwoa kweli, mbele ya watu, na mimi nikasimama kando ya bibi harusi. Bibi yake huyu binti."

"Bibi wa watu haelewi hata leo ni siku gani!" Tai alidakia.

"Mimi sikuambiwa habari ya ndoa hiyo," alisema Shangazi Mkuu taratibu. "Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwepo," alisema Bi Kengele. "Ulilia unataka kubeba maua. Tukakupa ukabeba. Ukakanyaga gauni lako mwenyewe kwenye ngazi zenye maji, ukaanguka, jino la mbele likatoka. Bibi harusi ndiye aliyekubeba. Gauni lake likaingia damu hapa, begani. Akaolewa nalo hivyo hivyo."

Ukumbi mzima uliona mkono wa Shangazi Mkuu ukipanda wenyewe mpaka mdomoni.

"Waliniambia ilikuwa ndoa ya watu wa jirani," alinong'ona, na kipaza sauti kikaubeba mnong'ono ule hadi jikoni. "Yule dada alinibeba. Alininyamazisha. Alikuwa ananukia sabuni."

Akakaa chini. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyapangusa.

"Tumemzika mtoto wa kaka yangu kama mtu wa njiani," alisema. "Pini, binti yangu, unataka tufanye nini?"

Hii ndiyo dakika ambayo Pini alilala nayo na kuamka nayo. Aliikamata kwa mikono miwili.

"Kwanza, bibi yangu na baba yangu waandikwe pale. Sasa hivi, watu wote wakiona. Pili, aliyeudanganya ukoo huu afutwe. Jina lake lipakwe rangi, asikae kwenye kikao chenu, asizikwe kwenye makaburi yenu. Alichomfanyia baba yangu kimrudie mzima mzima, kisipungue hata unywele."

"Haki!" mtu alipiga kelele nyuma. "Haki kabisa!" wengine wakaitikia. Ajabu ya watu: walewale waliokuwa wakimpigia Tai makofi.

"Nimelikubali," alisema Shangazi Mkuu. "Limepita. Aliyedanganya anafutwa, na halirudi nyuma."

Mchora mabango aliyeandika ubao ule alikuwa amekaa pembeni anakula. Aliitwa na mikono yake ya mafuta, akafungua makopo yake, meusi na meupe, akaandika. Jina la bibi kando ya babu. Chini, jina la baba. Kando ya baba, jina la mama yake Pini. Chini yao, Pini. Vigelegele vilipasua dari. Pini alimtafuta mama yake kwa macho ili wacheke pamoja.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

Na Tai alikuwa anatabasamu.

"Shangazi," alisema kwa upole, "sheria yako nimeisikia. Lakini kumbuka siku ile. Wazee mliamua kwa maneno yangu peke yangu? Mimi mdogo vile, mngenisikiliza? Si mlikuwa na shahidi? Mwambieni binti huyu shahidi alikuwa nani."

Wazee watatu wa mstari wa kwanza walitazama viatu vyao.

"Hawawezi," alisema Tai. "Walikula kiapo cha kuficha. Mimi sikula." Akanyoosha kidole. "Yule pale."

Kidole kilikuwa kinamwelekea mama yake Pini.

"Muongo!" Pini aliruka. "Mama, mwambie! Mama!"

Mama alisimama. Alichukua muda kusimama.

"Wazee waliniita chumbani," alisema. "Waliniuliza, wewe uliyekaa na mama mkwe wako, je, aliwahi kukuambia aliolewa? Nikawajibu, aliniambia mwenyewe kwamba hakuolewa."

"Kwa nini?" Sauti ya Pini ilikuwa ya mtoto.

"Kwa sababu bibi yako alinila nyama nikiwa hai, mwanangu. Wewe ulimjua akiwa ameshazeeka, anakupa peremende. Mimi alinimwagia chakula mbele ya wageni. Nilipokuzaa wewe, alikuja, akachungulia, akasema, 'Msichana tu?' Akatoka nje. Siku nilipoulizwa, alikuwa chumba cha pili, namsikia akikohoa. Nikasema na yeye, siku moja tu, akose pa kuficha uso. Nilimlenga yeye. Sikujua kisu kingempita kikaingia kwa baba yako."

"Baba alijua?"

"Hakuniuliza. Aliacha tu kunitazama."

Tai alikuwa ameshapanda jukwaani. Alichukua brashi mkononi mwa mchora mabango, akaichovya kwenye kopo jeupe, akamletea Pini kama mhudumu anayeleta soda.

"Aliyedanganya anafutwa. Wewe ndiye uliyetaka. Rangi ya mama yako haijakauka, itatoka vizuri." Kisha akainamisha kichwa karibu na sikio lake. "Au tuseme yamekwisha. Nikae na langu, ukae na lako, twende tukale."

Pini alielewa mtego. Akimsamehe mama, lazima amsamehe na Tai. Alimtazama mama yake, akamtazama yule mtu aliyefunga geti mbele ya jeneza, na hakujua ni nani kati yao aliyekuwa anamchukia zaidi saa ile.

"Futa," mama alisema.

Pini alichukua brashi.

Alipanda hadi ubaoni. Herufi za jina la mama yake zilikuwa bado zinang'aa. Aliweka brashi kwenye ya kwanza na mkono ukamgomea. Akaushika kwa mkono wa pili, akavuta. Nyeusi na nyeupe zikachanganyika zikawa kijivu kichafu. Akapaka tena. Akapaka mpaka pakawa hapana kitu. Nyuma yake mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti.

Tabasamu la Tai lilikufa hapo hapo.

"Sasa wewe," alisema Pini bila kugeuka.

Akaliendea jina la Tai, pale chini ya babu. Hili halikumpa taabu. Alipaka taratibu, herufi moja moja, kama anayefunga vifungo vya shati. Kila herufi aliitajia kitu moyoni: geti, jeneza, shada la maua alilorudi nalo nyumbani.

"Mara mbili!" Bi Kengele alinguruma. "Mpake mara mbili, ana roho ngumu huyo!"

Akampaka mara mbili. Watu walikuwa wamesimama, wengine wanashangilia, wengine wanabishana, wazee wanafokeana. Pini alirudisha brashi kwenye kopo. Mikono yake ilikuwa myeupe hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameshinda. Akageuka kumtafuta Tai, aone sura yake.

Kiti cha Tai kilikuwa kitupu.

Kiti cha mama yake kilikuwa kitupu.

Aliruka toka jukwaani, akapenya katikati ya watu, akapigana na shangazi wawili waliotaka kumkumbatia, akafika mlangoni.

Jua la mchana lilimpiga machoni. Upande wa pili wa uwanja, Tai alikuwa amefungua mlango wa gari lake, ule wa mbele. Hakuwa amemshika mama. Hakuwa anamlazimisha. Alikuwa amesimama tu anamngoja, na kwa mara ya kwanza tangu Pini amjue, tai haikuwa shingoni.

"Mama!"

Mama yake alisikia. Aligeuka, akamtazama binti yake. Kisha akaingia garini, akanyoosha mkono chini ya kiti bila kuangalia, akakisogeza nyuma kidogo, kama mtu anayekijua kiti chake.